Nyumba Inayotafuta Pa Kusimama

Tangu mwanzoni mwa muongo huu, utalii wa ndani nchini Uingereza, yaani mapumziko ya wananchi wanaozuru nchi yao wenyewe badala ya kuvuka bahari kwenda kwa wengine, umepata sura mpya ambayo hata mgeni anayepita barabarani kwa siku moja hawezi kukosa kuiona, nayo ni ya gari jeupe, refu na la kimo kirefu, ambalo mbele lina usukani na nyuma lina kitanda. Gari hilo halivuti kitu wala halivutwi. Lenyewe ni chombo cha safari na lenyewe ni nyumba, na ndani ya eneo lisilozidi ukubwa wa chumba kimoja cha kupanga huwa na jiko la gesi, friji, meza ya kulia ambayo usiku hugeuzwa kitanda, tangi la maji safi, tangi la maji yaliyokwisha kutumika, na choo. Mazungumzo haya yanalichunguza gari hilo na sababu za kupendwa kwake, ila hayafuati njia ya wauzaji, ambao husifu zaidi mwendo. Yanalitazama likiwa limesimama, kwa kuwa sehemu kubwa ya likizo yenyewe hupita gari likiwa limeegeshwa, na hapo ndipo sifa na kasoro za mtindo huu hujitokeza.

Kabla ya kuendelea, inafaa istilahi zifafanuliwe, maana Waingereza hutofautisha vyombo vitatu ambavyo kwa mbali hufanana. Karavani ni tela la makazi linalovutwa na gari dogo, ambalo likifika kambini hufunguliwa na kuachwa hapo wakati gari likienda sokoni au ufukweni. Kempavani ni gari la mizigo au la abiria lililobaki na bodi yake ya kiwandani, ila ndani limewekewa kitanda na jiko. Chombo cha tatu, ambacho hapa kitaitwa gari-nyumba, hutengenezwa kwa kuchukua injini, magurudumu na fremu ya gari la mizigo, kisha kujengewa juu yake kuta na paa jipya, mara nyingi kwa upana unaozidi ule wa gari la awali. Neno karavani lina historia ambayo msikilizaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuifurahia: lilitoka katika Kiajemi, ambako maana yake ilikuwa msafara, na katika karne ya 19 Waingereza walilitumia kwa misafara ya wapagazi iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, huku nyumbani kwao likiwa tayari ni jina la mkokoteni wenye makazi ndani yake. Neno lililowataja mamia ya watu waliotembea pamoja kwa miguu likaishia kutaja familia moja iliyojifungia ndani ya sanduku.

Mtu anayetajwa mara nyingi kuwa aliugeuza mkokoteni huo kuwa chombo cha starehe ni William Gordon Stables, daktari aliyestaafu kutoka jeshi la majini na mwandishi wa hadithi za vijana, ambaye mwaka 1885 alitengenezewa na kampuni ya Bristol Wagon Works nyumba ya magurudumu iliyopewa jina la Wanderer. Chombo hicho, ambacho uzito wake ulikaribia tani 2, kilivutwa na farasi wawili kutoka Twyford, kusini mwa England, hadi Inverness, kaskazini mwa Scotland, huku mtumishi wa daktari huyo akitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwatahadharisha waliokuwa wakija upande wa pili. Wanderer haikuwa nyumba ya kwanza ya aina yake, kwa sababu jamii za Waroma, ambao jadi yao ni kuhamahama, na wasafiri wengine wa Uingereza zilikuwa zikiishi na kulea watoto ndani ya mikokoteni kabla Stables hajaagiza wake. Alichoongeza yeye ni kuishi hivyo kwa hiari, kwa majuma machache, na kwa uhakika wa kuwa na nyumba nyingine ya kurudi. Mwaka 1907, wapenzi wa starehe hiyo waliunda chama kilichoitwa Caravan Club, Stables akiwa makamu wa rais wake, na chama hicho kikadumu na jina hilo kwa miaka 110, hadi mwaka 2017 kilipoamua kujiita Caravan and Motorhome Club, kwa kukubali kwamba sehemu ya wanachama wake haikuwa tena ikivuta tela bali ilikuwa ikiendesha nyumba zake.

Kati ya farasi wa Stables na gari jeupe la leo kuna hatua moja inayostahili kutajwa kwa kirefu kidogo, nayo ilitokea miaka ya 1950. Kiwanda cha Volkswagen cha Ujerumani kilianza kutengeneza gari lake la mizigo lenye injini nyuma mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuliwekea samani za kulalia. Huko Folkestone, kwenye pwani ya Kent, kampuni ya Martin Walter ikafanya jambo linalofanana na hilo kwa kutumia gari dogo la Bedford, ikalipa jina la Dormobile, na baadaye ikalitia paa la turubai lililoinuka upande mmoja ili mtu mzima aweze kusimama wima ndani yake. Bedford ni jina ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki wanalikumbuka kwa malori yaliyobeba kahawa, pamba na abiria juu ya magunia, na pengine wangeshangaa kusikia kwamba chapa hiyohiyo ndiyo iliyowapeleka Waingereza wa tabaka la kati kulala ufukweni. Mvuto wa magari hayo haukutokana na mandhari peke yake. Gari lililohesabiwa kuwa makazi lilisamehewa kodi ya ununuzi iliyotozwa magari ya kawaida, kwa hiyo familia iliyohitaji gari moja la kazi na la likizo ilipata yote mawili kwa bei nafuu, na mafundi wakajua ni kabati ngapi na kitanda cha namna gani vingemridhisha afisa wa ushuru.

Safari za ndege za bei nafuu kwenda Hispania na Ugiriki zilipozoeleka, mapumziko ya ndani yalishuka hadhi, na kempavani ikabaki mikononi mwa vijana wenye fedha chache na wazee wenye subira. Hata hivyo, ufundi haukulala. Gari la Fiat Ducato, lililoanza kuuzwa mwaka 1981, lilikuwa na sifa ndogo yenye athari kubwa kwa habari hii: injini yake huzungusha magurudumu ya mbele, kwa hiyo hakuna mtaimbo mrefu unaopita chini ya sakafu kwenda nyuma, na fundi anayejenga nyumba juu ya fremu hiyo anaweza kuishusha sakafu na kupata kimo cha ndani bila kulifanya gari liwe mnara. Ndiyo sababu magari-nyumba mengi ya Ulaya, yawe yamejengwa Ujerumani, Italia au katika viwanda vya Cottingham, karibu na mji wa Hull, yanapotazamwa kwa mbele hufanana kama ndugu.

Mwaka 2020 ndipo mambo yalipogeuka. Janga la UVIKO-19 lilifunga mipaka, na lilipolegea kidogo likafungua milango kwa mpangilio ambao ulilipendelea gari lenye choo ndani. Nchini Scotland, kuanzia tarehe 3 Julai mwaka huo, malazi ya kujitegemea yasiyowalazimu wageni kushirikiana huduma yaliruhusiwa kupokea watu, ilhali malazi mengine ya likizo yalisubiri hadi tarehe 15. Wales nayo ilianza na malazi ya kujitegemea tarehe 11. Kwa siku hizo chache, choo cha lita 20 kilikuwa na maana ya kisheria. Kisha jioni ya tarehe 25 Julai, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba wote watakaorejea kutoka Hispania baada ya usiku wa manane watakaa karantini ya siku 14, na watu waliokuwa tayari ufukweni wakajikuta wamefungwa na tangazo lililowafikia saa chache kabla ya kuanza kutumika. Haihitaji utafiti kueleza kwa nini majira ya joto yaliyofuata wengi walichagua likizo ambayo waziri hawezi kuivunja kwa kauli moja ya jioni. Hofu ya ugonjwa ilipoisha, mazoea yalibaki, kwa sababu yalikuta tayari kuna watu wenye muda, hasa wastaafu, na wengine ambao kazi zao zilihamia kwenye kompyuta na kuhitaji tu meza na intaneti.

Msikilizaji ambaye hajawahi kuingia ndani ya gari la aina hiyo huenda akadhani kwamba kuishi ndani yake ni jambo rahisi, kumbe ni kazi ya hesabu. Jambo la kwanza la kuhesabiwa ni uzito. Kila gari lina kiwango cha juu cha uzito kinachoruhusiwa, yaani jumla ya gari lenyewe, watu, mizigo na vimiminika, na magari-nyumba mengi huwekewa kiwango cha kilo 3,500 kwa sababu ya leseni: mtu aliyefaulu mtihani wa udereva wa gari dogo nchini Uingereza kuanzia tarehe 1 Januari 1997 haruhusiwi kwa leseni hiyo kuendesha gari la petroli au dizeli linalozidi hapo, ilhali aliyefaulu kabla ya tarehe hiyo aliruhusiwa kufika kilo 7,500, ingawa anapotimiza miaka 70 hulazimika kuthibitisha afya yake ili aendelee na ruhusa hiyo kubwa. Mtengenezaji anapokwisha kuweka kitanda, jiko, joko na kuta, zinabaki kilo mia chache tu kwa mwenye gari. Tangi la lita 100 likijazwa maji, kilo 100 zimekwisha. Mke, mbwa, baiskeli mbili, mitungi ya gesi na viti vya kukunja vikipandishwa, familia yenye adabu kabisa inaweza kujikuta inavunja sheria bila kubeba hata gunia la viazi. Ndiyo maana wenye uzoefu husafiri na tangi lililo karibu tupu na kujaza maji wanapofika, na hapo ndipo swali la mahali pa kufika linapoanza kuwa zito kuliko gari.

Gesi nayo ina elimu yake. Mitungi huwa ya aina mbili, butani na propani, na tofauti yake huwa haina maana wakati wa joto, lakini butani hukataa kugeuka mvuke halijoto inapokaribia nyuzi sifuri, wakati propani huendelea kufanya kazi hata katika baridi inayokaribia nyuzi 40 chini ya sifuri. Anayelala katika milima ya Scotland mwezi Machi na mtungi usiofaa huamka akiwa na gesi ya kutosha na jiko lisilowaka. Umeme hutoka kwenye betri ya pili, iliyotengwa na ile ya kuwashia injini, ambayo huchajiwa na mwendo, au na paneli za sola juu ya paa, au na waya unaochomekwa kwenye nguzo ya kambi. Kuhusu choo, kilichoenea ni choo cha kaseti, yaani chenye tangi dogo chini yake linalochomolewa kupitia mlango wa nje, likabebwa kwa mkono kama sanduku la safari na kumwagwa mahali maalumu. Ndani yake hutiwa dawa ya kuzuia harufu, na baadhi ya dawa hizo huua vijidudu ambavyo mashimo ya maji taka ya vijijini huvitegemea kusaga uchafu, kwa hiyo mwenyeji mwema anayemruhusu mgeni kumwaga kaseti katika shimo la nyumba yake anaweza kulipia wema huo kwa muda mrefu. Matangazo ya biashara huonyesha machweo, kahawa na mlango uliofunguka kuelekea bahari. Kaseti haionekani, ingawa ndiyo inayoamua, kila baada ya siku mbili au tatu, gari litaelekea wapi.

Wapo wanaonunua gari-nyumba kwa imani kwamba linapunguza gharama za likizo, na imani hiyo inastahili kukanushwa bila kuzunguka. Gari jipya hugharimu makumi ya maelfu ya pauni, hudai bima, ukaguzi wa kila mwaka, matairi, na uangalizi wa kudumu dhidi ya unyevu, ambao hupenya kwenye viungio vya kuta na kuozesha mbao kwa ndani kabla jicho halijaona doa. Anayelitumia majuma manne kwa mwaka angeweza kulala hotelini kwa fedha hizo na bado akabaki na chenji. Kinachonunuliwa ni kitu kingine: uwezo wa kuamka mahali ambapo hakuna hoteli, kuahirisha uamuzi wa kesho hadi kesho yenyewe, kusafiri na mbwa, na kulala kila siku katika shuka lilelile. Kwa mtu aliyeishi miaka 40 kwa kengele ya kazi, hilo si jambo dogo, na hakuna haki ya kumcheka.

Mfano ulio wazi zaidi wa mvuto huo, na wa matokeo yake, ni njia ya North Coast 500 nchini Scotland, iliyozinduliwa mwaka 2015 ili kuleta wageni katika kaunti za kaskazini ambazo watalii wengi walikuwa hawazifikii. Njia hiyo huanzia na kuishia kwenye ngome ya Inverness, huzunguka pwani kwa maili 516, yaani kilomita 830 hivi, ikipita Applecross, Ullapool, Durness na John o' Groats, na haikuhitaji kujengwa, kwa kuwa barabara zote zilikuwepo. Kilichotengenezwa ni jina na ramani. Hapo ndipo ulipo ujanja wake na upungufu wake. Eneo linalosimamiwa na Halmashauri ya Highland linakaribiana na Rwanda kwa ukubwa, lakini wakati Rwanda ina zaidi ya watu milioni 13, eneo hilo lina wakazi wasiofika 250,000, na hao ndio walipa kodi wanaotunza barabara zake, vyoo vyake vya umma na mapipa yake ya taka. Kwa idadi kama hiyo, kijiji chenye duka moja na choo kimoja hakihitaji foleni kubwa ya magari-nyumba mwezi Agosti ili kielemewe.

Sehemu kubwa za barabara hizo zina upana wa gari moja, na kila baada ya umbali mfupi kuna kituo cha kupishana, yaani kipande kilichopanuliwa kando ya lami ambapo dereva mmoja husubiri ili mwenzake apite, au hujiweka pembeni ili aliye nyuma yake, ambaye huenda ni muuguzi anayewahi kwa mgonjwa, atangulie. Utaratibu huo uliwatosha wenyeji kwa vizazi kwa sababu kila mmoja aliujua. Dereva mgeni aliyekodi gari la mita 7 jana yake, ambaye hajawahi kulirudisha nyuma hata mita 10, huuvunja bila kukusudia. Na anayeegesha katika kituo hicho ili alale usiku, kwa sababu hapo pana mandhari nzuri na hapana bango la kumkataza, huwa amefunga mlango wa watu wengine. Katika njia ya mlimani ya Bealach na Bà, ambayo hupanda hadi mita 626 kwa kona zinazojikunja kama kiwiko, bango lililo chini ya mlima limeshauri kwamba madereva wanafunzi, magari makubwa sana na makaravani yasiendelee, na ushauri huo husomwa na wengi na kufuatwa na baadhi.

Swali linaloulizwa na wageni wengi ni kama Scotland hairuhusu kila mtu kulala popote. Jibu linahitaji uangalifu. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 iliwapa watu wote haki ya kupita na hata kupiga hema katika sehemu kubwa ya ardhi, iwe ya nani, mradi wawajibike, lakini haki hiyo ni ya mtu anayetembea kwa miguu, anayeendesha baiskeli au farasi, na haimhusu aliye ndani ya gari la injini. Sheria ya barabara ya mwaka 1988 haimtii hatiani dereva anayetoka nje ya barabara kwa yadi 15, sawa na mita 14 hivi, ili aegeshe, ila haimpi haki yoyote juu ya ardhi hiyo, na mwenyewe anaweza kumwambia aondoke. Kwa maneno mengine, uhuru anaoamini mwenye gari-nyumba kwamba ameununua pamoja na gari haumo ndani ya bei. Kila usiku anaulala kwa hisani ya mwenye ardhi, kwa malipo ya kambi, au kwa kutoonekana.

Kwa nini basi maegesho ya kulala yasijengwe? Sehemu ya jibu imo katika sheria ya mwaka 1960 inayosimamia viwanja vya karavani, ambayo ilitungwa wakati serikali ikihofia vijiji vya mabati vya watu waliokosa nyumba baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ambayo inamtaka anayewalaza watu ndani ya magari katika ardhi yake kuwa na kibali cha ujenzi na leseni. Sheria hiyo iliacha mlango mdogo wazi: vyama vinavyotambuliwa vinaweza kumpa mkulima cheti cha kupokea vyombo visivyozidi vitano kwa wakati mmoja, kwa ajili ya wanachama wao tu, na kwa mlango huo pamepatikana maelfu ya viwanja vidogo, kila kimoja kikiwa na bomba, mahali pa kumwaga kaseti, na mara nyingi kuku kadhaa. Ufaransa ilifuata njia nyingine kabisa. Huko, halmashauri nyingi za miji midogo zimejenga vituo vya magari-nyumba vyenye nafasi chache, bomba na mfereji wa maji taka, kwa malipo ya euro chache au bure, kwa hesabu kwamba aliyelala hapo atanunua mkate asubuhi. Na mpango uitwao France Passion, ulioanza mwaka 1993, umewaunganisha wenye magari hayo na wakulima wa zabibu na wafugaji wanaowakaribisha kwa usiku mmoja. Kwa hukumu ya mwandishi wa mazungumzo haya, Ufaransa ilielewa mapema jambo ambalo Uingereza bado inalibishania, kwamba mgeni asipopewa shimo la kumwagia atalitafuta mwenyewe.

Scotland imeanza kujaribu. Mamlaka ya misitu ya umma ilifungua baadhi ya maegesho yake mwaka 2021 kwa magari yenye choo ndani kulala usiku mmoja. Halmashauri ya Highland nayo mwaka 2024 ilianzisha mpango wa hiari ambapo mwenye gari alilipa pauni 40 kwa siku saba na kupata ruhusa ya kulala katika baadhi ya maegesho ya halmashauri pamoja na kuoga katika kumbi zake za michezo. Neno hiari ndilo tatizo. Sheria ya ushuru wa wageni iliyopitishwa na Bunge la Scotland mwaka 2024 iliziwezesha halmashauri kutoza asilimia ya gharama ya malazi, kwa hiyo aliyelipia chumba au nafasi kambini anaweza kutozwa, lakini aliyelala kando ya barabara ndani ya gari lake hajanunua malazi yoyote na hana asilimia ya kutoa, ingawa yeye ndiye aliyetumia pipa la kijiji na kujaza maji kwenye bomba la makaburini.

Lipo upande mwingine wa habari hii ambao vipeperushi vya likizo haviugusi. Mwaka 1968 sheria ya Uingereza ilizitaka halmashauri kutafuta viwanja kwa ajili ya Waroma na wasafiri wa jadi. Wajibu huo ukaondolewa mwaka 1994. Na mwaka 2022 sheria mpya ya England na Wales ikafanya kuwa kosa la jinai, linaloweza kumfikisha mtu gerezani na kumpotezea gari lake, kukataa kuondoka katika ardhi anamoishi ndani ya gari bila ridhaa ya mwenyewe, iwapo umetokea, au huenda ukatokea, uharibifu au usumbufu mkubwa. Wakati huohuo, mjini Bristol, ambako Wanderer ya Stables ilitengenezwa na ambako kampuni ya Bailey ingali ikiunda makaravani, mamia ya watu wanaishi mwaka mzima ndani ya magari yaliyoegeshwa mitaani, wengi wao wakiwa na ajira, kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda. Gari la namna moja, lililoegeshwa barabara moja, huitwa likizo akilala ndani yake mtu mwenye nyumba kwingine, na huitwa kero akilala asiye nayo. Mtu anayefuatilia mjadala wa magari-nyumba wa Uingereza kwa kusikiliza tu malalamiko kuhusu mandhari na mapipa hataifikia sehemu yake ngumu, kwa kuwa huenda halmashauri nyingi husita kufungua maegesho ya kulala si kwa kuwahofia wastaafu wenye viti vya kukunja, bali kwa kuwahofia watakaobaki baada ya Septemba.

Wastaafu wenyewe hawabaki. Mwezi Oktoba unapoingia na baridi ikaanza kung'ata, maji hutolewa katika matangi, mabomba na birika la kupashia ili yasigande na kupasua vyuma, magodoro husimamishwa ili hewa ipite, mitungi ya gesi hufungwa, na gari hufunikwa. Nyumba nyingi za mijini hazina uwanja wa kulitosha, na baadhi ya mitaa ina masharti ya hati yanayokataza kuliegesha mbele ya mlango, hivyo mwenye gari hukodi nafasi katika kiwanja chenye uzio na kamera nje ya mji, akalipa kwa mwaka, na kulitembelea mara moja kwa mwezi ili kuliwasha na kulisogeza kidogo, matairi yasikae upande mmoja mno. Huko hukaa kwa mistari hadi karibu na Pasaka.